KIMIA: NGUO YA WAFALME, KAZI YA MACHO YA MASKINI

Kila ifikapo Desemba, watoto wa Kilimanjaro walioko Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na kwingineko hufunga safari ya kurudi nyumbani, na pamoja na ndizi, mbege na salamu za mwaka huja harusi. Mwezi huo mji wa Moshi huvaa nyeupe. Magari yaliyofungwa riboni hupanda na kushuka katika barabara za Marangu, Kibosho, Machame na Rombo, na ndani ya gari lililopambwa kuliko mengine ameketi bibi harusi ambaye gauni lake, kuanzia kifuani hadi ncha za mikono, limetandwa maua meupe yenye matundu. Ukimwuliza fundi cherehani maua hayo ni kitu gani, atakujibu kuwa ni lesi. Ukiwauliza wajuzi wa lugha watakwambia kwamba jina lake la Kiswahili ni kimia, neno ambalo mvuvi wa pwani hulitumia pia kwa wavu wake wa kutupa kwa mkono.

Wavuvi hawakukosea. Kimia ni matundu kwanza, uzi baadaye. Lakini kimia hiki cha nguo kina historia ambayo mvuvi asingeiota: kiliwahi kumkosesha usingizi waziri wa fedha wa Ufaransa, kikawatoa wanawake majumbani mwao kwa hasira, na kikawa alama ya kumtambua mtu mkubwa tangu mbali, kabla hajafungua kinywa. Ni vema tuijue, kwa kuwa wengi wetu tunakivaa, wengine tunakikodi kwa siku moja kwa fedha nyingi, na wengine, hasa akina mama wa vihambani, wanakifuma kwa mikono yao na kukiuza kwa bei ya kusikitisha.

Tundu lililoshonwa

Yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili. Iko lesi inayofumwa kwa vifimbo vingi vilivyozungushiwa nyuzi, juu ya mto mgumu, na ufundi huo ulikuwa na makao makuu huko Flanders, nchi ambayo leo kwa sehemu kubwa imo Ubelgiji. Iko pia lesi ya sindano, ambayo ndiyo ninayoizungumzia zaidi. Hii haihitaji mtambo wowote. Inahitaji sindano moja, uzi mmoja mwembamba wa kitani, na kipande cha ngozi laini kilichochorwa mfano wa ua. Mshonaji hutandaza nyuzi chache za msingi juu ya mchoro huo, kisha hushona juu ya nyuzi hizo kwa mshono uleule unaozunguka tundu la kifungo cha shati, mara elfu na elfu tena. Kazi ikiisha, nyuzi zilizoshika ngozi hukatwa, na ua hubaki peke yake, halina kitambaa nyuma yake wala chini yake. Waitalia wa mji wa Venice, walioikuza kazi hii katika karne ya 16, waliiita mshono wa hewani, na jina hilo lilistahili.

Msomaji wa Unguja au Lamu ataielewa kazi hii upesi zaidi kuliko sisi wa bara. Kofia nyeupe ya viua, ile inayovaliwa pamoja na kanzu siku ya Idi, hutobolewa vitundu vidogo na kila kitundu huzungushiwa uzi kwa sindano mpaka kikakaza. Fundi mmoja anaweza kukaa na kofia moja kwa miezi. Kimia cha sindano ni ndugu wa kazi hiyo. Tofauti ni kwamba Mzungu wa Venice aliendelea kupunguza kitambaa na kuongeza tundu, mpaka siku moja kitambaa kikatoweka kabisa.

Kutoka Venice mtindo huo ulihamia Ufaransa. Catherine wa Medici, binti wa Florence, aliolewa katika ukoo wa wafalme wa Ufaransa mwaka 1533, na mapenzi ya mambo ya Kiitalia yakazidi kushika mizizi katika kasri. Mwaka 1587 mchoraji wa Venice, Federico Vinciolo, alichapisha mjini Paris kitabu cha michoro ya kushonea, akakitoa kwa heshima ya Malkia Louise. Wanawake wenye nafasi walijifunzia humo. Lakini asidhani msomaji kwamba kimia kilikuwa pambo la wanawake tu. La hasha. Waliokivaa kwa fahari kubwa walikuwa wanaume: kola zilizotanda mabegani, tai zilizoning'inia kifuani, ncha za mikono zilizofunika vidole, hata mashada juu ya viatu vya kupandia farasi. Askari mwenye cheo alikwenda vitani na kimia shingoni.

Kimia kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa kile kizito cha Venice, chenye maua yaliyoinuka kama yamechongwa katika pembe ya ndovu. Nacho kilinunuliwa kwa dhahabu. Wafalme wa Ufaransa walitoa amri moja baada ya nyingine za kukataza anasa hiyo, na wakuu wao walizitii kwa wiki chache, kisha wakarudi kulekule. Amri ya mavazi haijapata kushinda kirahisi popote duniani, hasa pale mtoa amri mwenyewe anapokuwa amevaa kile anachokikataza.

Waziri na wanawake wa Alençon

Ndipo akaja Jean-Baptiste Colbert, waziri wa fedha wa Mfalme Louis wa 14. Huyu alikuwa mtu wa hesabu. Aliona kwamba ikiwa watu hawataki kuacha kimia, basi dawa si kukataza, bali ni kukitengeneza nyumbani ili dhahabu isivuke mpaka. Tarehe 5 Agosti 1665 ilitolewa amri ya kifalme iliyoanzisha kampuni ya kutengeneza kimia kitakachoitwa cha Ufaransa, katika miji kadhaa ikiwamo Arras, Reims, Sedan na Alençon. Walimu waliletwa kutoka Venice. Kampuni ilipewa ukiritimba: mtu mwingine yeyote asitengeneze wala asiuze kimia cha aina hiyo.

Kwa msomaji wa Tanzania aliyekulia katika nyakati za kuhimizwa kujitegemea, hoja ya Colbert haina ugeni. Ni hoja ya pamba yetu na viwanda vyetu vya nguo. Lakini Colbert alisahau jambo moja, nalo ndilo kiini cha habari hii. Alisahau kuuliza kama kuna watu waliokwisha kuifanya kazi hiyo.

Walikuwapo. Katika mji wa Alençon, ulioko Normandie, mwanamke mmoja aliyeitwa Marthe La Perrière alikuwa amegundua miaka mingi kabla jinsi ya kuiga kimia cha Venice, akawafundisha wengine, nao wakafundisha wengine tena. Ofisa wa mfalme aliyekuwa huko, Favier-Duboulay, alimwandikia Colbert mwezi Septemba 1665 kwamba watu zaidi ya 8,000 mjini humo na vijijini kandokando yake walikuwa wakiishi kwa kazi hiyo: wazee, wasichana, watoto. Kila mmoja alishona kwake na kumwuzia mfanyabiashara aliyemtaka. Sasa wakaambiwa kwamba sindano zao ni mali ya kampuni, na kwamba atakayeshona nje ya kampuni amevunja sheria.

Wanawake hao walitoka barabarani. Walimfuata wakala wa kampuni kwa makelele na vitisho mpaka ikabidi ofisa wa mfalme aingilie kati. Hawakuwa wakipigania kuvaa kimia, maana hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na shingo ya kukivalia. Walipigania haki ya kupanga bei ya kazi yao wenyewe.

Wazee wa Kilimanjaro wangewaelewa. Mwaka 1937 wakulima wa kahawa wa mlima huu, walipoona bei imeanguka na sheria inawalazimisha kupitisha kahawa yao katika mlango mmoja tu wa chama cha KNCU, kilichoundwa mwaka 1933, walifanya ghasia na kuyashambulia majengo ya chama hicho. KNCU baadaye ilikuja kuwa fahari ya mkoa, ikasomesha watoto na kujenga, sisemi vinginevyo. Nasema tu kwamba mtu akiwa na ujuzi mkononi, awe na sindano au mche wa mbuni, hapendi kuamshwa asubuhi moja na kuambiwa kwamba mnunuzi ni mmoja.

Ukiritimba wa Ufaransa ulikoma mwaka 1675. Kazi ya Alençon haikukoma, bali ilipata jina lake yenyewe na sura yake yenyewe: nyepesi kuliko ya Venice, yenye wavu mwembamba nyuma na maua madogo yaliyoinuliwa ukingoni kwa uzi uliofunika unywele wa farasi ili usilale. Kufikia hapo mfalme alikuwa akiigeuza Versailles kuwa makao ya baraza lake, alikohamia rasmi mwaka 1682, na asiyekuwa na kimia cha Ufaransa shingoni alionekana kama mgeni asiyealikwa.

Saa saba

Hebu sasa tutazame kazi yenyewe, kwa maana hapa ndipo palipo na utajiri wa habari.

Kimia cha Alençon hakikushonwa na mtu mmoja. Mmoja alitoboa mchoro kwenye ngozi, wa pili alitandaza uzi wa msingi, wa tatu alishona wavu, wa nne alijaza maua, wa tano alishona mapambo ya katikati, wa sita alikaza kingo, na wengine walikuwapo wa kukata, kusafisha na kuunganisha vipande mpaka macho yasione kiungo. Mwanamke angeweza kushona wavu tu maisha yake yote na asione ua lililokamilika. Hata leo, kwa maelezo yaliyotolewa mbele ya UNESCO ufundi huu ulipoandikwa katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2010, mwanafunzi huhitaji miaka 7 hadi 10 kuijua kazi yote, na sentimita moja ya mraba huchukua saa 7.

Saa 7, ndugu msomaji. Chukua stempu ya posta yenye upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 2 na nusu. Hiyo ni kazi ya saa 35. Chukua kipande cha sentimita 10 kwa 10, ambacho hakitoshi hata kufunika kifua cha mtoto mchanga: ni saa 700. Kwa siku ya kazi ya saa 8 na mapumziko ya Jumapili, utamaliza baada ya karibu wiki 15. Nyuzi zenyewe ni nyembamba mno, na nyeupe juu ya nyeupe huchosha macho kuliko kitu chochote. Moto haukutakiwa chumbani, kwa kuwa moshi na masizi huchafua uzi. Wanahistoria wa kimia wameandika kwamba huko Normandie, wakati wa baridi, wanawake walikaa kushona kwenye dari juu ya zizi, ili pumzi za ng'ombe ziwapashe moto bila ya kuwachafulia kazi. Mchaga aliyezaliwa katika nyumba ya zamani, ng'ombe na watu chini ya paa moja la majani ya migomba, hatashangaa. Atashangaa tu kusikia kwamba kitu kilichoshonwa juu ya mgongo wa ng'ombe kilikwenda kuning'inia shingoni mwa mfalme.

Mapinduzi ya mwaka 1789 yaliwaondoa waliokivaa, na bila ya wavaaji washonaji walikaa njaa. Napoleon alipojitia taji alikifufua kwa maagizo ya kasri lake. Kisha mashine zikaja. Mwingereza John Heathcoat alipata hati ya mashine ya kufuma wavu mwaka 1809, na katika miaka ya 1880 mafundi wa Ujerumani na Uswisi waligundua hila moja ya ajabu: mashine inadarizi maua ya pamba juu ya kitambaa cha hariri, kisha kitambaa kinayeyushwa kwa dawa, na maua yanabaki hewani. Kazi ya miezi ikawa kazi ya dakika.

Gauni la kasri mlimani

Kilimanjaro ilikuwa na mabaraza yake ya kifalme, na mabaraza hayo yalikuwa na mavazi yake. Kabla nguo za pwani hazijazoeleka, mtu wa heshima alijifunika joho la ngozi za pelele, mnyama mdogo wa msituni, na kwa udogo wake ngozi nyingi zilishonwa pamoja hadi kumfunika mtu mzima. Wahunzi wa mlima walifua minyororo ya chuma myembamba iliyowashangaza wageni. Huko nako thamani ilipimwa kwa saa za fundi.

Mwaka 1891 mitindo hii miwili ya kifalme ilitazamana uso kwa uso. Mwanamke wa Kimarekani aliyeishi London, May French-Sheldon, alipanda kutoka Mombasa akiwa na wapagazi zaidi ya 100, waliomwita Bibi Bwana. Katika mizigo yake mlikuwamo gauni la kasri, la hariri nyeupe lenye mapambo ya fedha, pamoja na nywele za bandia za rangi ya dhahabu na upanga. Alilivaa alipokutana na watawala wa mlimani, kwa hoja kwamba mtawala ni mtawala na apaswa kuonwa kwa vazi la kasri. Alifika Ziwa Chala, akamwona Mangi Mareale wa Marangu na Mangi Rindi wa Moshi, ambaye Wazungu wengi walimwita Mandara na ambaye alifariki dunia mwaka huohuo. Safari yake aliiandikia kitabu mwaka 1892, na mwaka uliofuata aliyaonyesha mambo ya safari hiyo katika maonyesho makubwa ya Chicago. Magazeti ya Ulaya na Marekani yalilizungumzia sana gauni lake. Mimi ninamfikiria zaidi mpagazi aliyelibeba kichwani, kupitia nyika ya Taru isiyo na maji, bila ya kujua kisanduku kile kina nini.

Aliyemtangulia kidogo mlimani alikuwa mgeni wa aina nyingine. Mwaka 1890 wamisionari wa Roho Mtakatifu, wengi wao Wafaransa, walifika Kilema, na mwaka 1893 Walutheri wa Leipzig wakaingia Machame. Katika kanisa la Kikatoliki la siku zile kimia kilikuwa sehemu ya ibada: ukingo wa kitambaa cha altare, pindo la alba ya padri. Kwa familia nyingi za Kilimanjaro, huko ndiko jicho lilikokutana na kimia kwa mara ya kwanza, si kasrini bali altareni, na huenda ndiyo sababu mpaka leo tunakipenda zaidi katika siku za kanisa: ubatizo, komunyo ya kwanza, kipaimara, ndoa.

Gauni jeupe la ndoa nalo lilitoka kasrini. Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa tarehe 10 Februari 1840 akiwa amevaa nyeupe yenye kimia cha Honiton, cha vifimbo wala si cha sindano, alichokiagiza makusudi ili kuwapa kazi washonaji maskini wa nchi yake. Wengine wakaiga, na wanaendelea kuiga.

Bei ya kitambaa cha mezani

Lesi inayouzwa leo madukani Moshi na kwenye meza za soko la Mbuyuni ni ya mashine. Ile nzito isiyo na wavu nyuma, ambayo akina mama huipenda kwa sherehe, ni mtoto wa hila ile ya kuyeyusha kitambaa, na sura yake ni sura ya kimia kizito cha Venice. Mji mdogo wa Lustenau nchini Austria umekuwa ukiwauzia Wanaijeria lesi ya namna hiyo tangu miaka ya 1960, na mtindo wao wa sherehe umetufikia na sisi. Sioni aibu yoyote katika kuivaa. Anayetaka kuitambua aigeuze nyuma: ya mashine ina manyoya madogo ya uzi uliokatwa, na ua la kumi ni sawasawa na ua la kwanza.

Lakini iko lesi nyingine mlimani ambayo hatuiiti lesi. Ni vile vitambaa vya kufuma vilivyotandazwa kwenye makochi, juu ya redio, juu ya meza ya chakula na mgongoni mwa kiti cha mgeni, karibu katika kila nyumba ya Mtanzania mwenye kujiheshimu. Kazi hiyo ya kroshia ina ukoo wa kifalme. Wakati wa njaa kuu ya Ireland katika miaka ya 1840, masista na wanawake wa huko waliwafundisha maskini kuiga kimia cha Venice kwa sindano yenye ndoano, kwa kuwa ilikwenda haraka kuliko sindano ya kushonea, na kwa fedha ile familia nyingi zilikula. Ufundi huo ulisambaa duniani kupitia shule za watawa na za misheni. Kwetu uliendelezwa na masista, na wake za wamisionari, na baadaye na madarasa ya akina mama, yakiwamo ya UWT, jumuiya iliyoundwa mwaka 1962.

Basi mama wa Old Moshi au Uru hufuma seti ya kochi jioni baada ya kukata majani ya ng'ombe, na siku akiulizwa bei hutaja fedha ya nyuzi na kuongeza kidogo juu. Mnunuzi naye humwomba apunguze. Tuseme seti imemchukua jioni 40 za saa 2. Hizo ni saa 80. Akitoa gharama ya nyuzi na kuigawa faida kwa 80, atapata kiasi ambacho kibarua wa kupalilia shamba angekikataa. Nimewasikia wanawake wakisema kwamba zile si saa za kazi, ni saa za kupumzika. Washonaji wa Alençon nao waliambiwa maneno ya namna hiyo, kwamba kazi yao ni ya kujaza muda wa jioni, na wakuu wa kasri wakavaa jioni hizo shingoni.

Huko Alençon karakana ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1976 bado ipo, ikiwa na washonaji wachache wanaolipwa mshahara na serikali ya Ufaransa kama watumishi wengine. Wanapomaliza kipande hawaulizwi kilichukua uzi wa shilingi ngapi. Saa zake zimeandikwa.

Mama anayefuma nyumbani anaweza kuandika zake pia, katika daftari la mtoto la mazoezi, mstari mmoja kila jioni. Na kwa aliyekwisha kuwa na kitambaa cha mkono nyumbani, kiwe cha bibi yake au cha kununua: kisifuliwe kwa kusuguliwa wala kukamuliwa kwa kusokota. Kiloweke katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini, kikandamize kwa viganja, kisha kitandaze bapa juu ya taulo kivulini na kukinyoosha pembe kwa vidole kingali kibichi. Pasi, ikibidi, ipite upande wa nyuma.